Kuunganisha matangazo ya nyumba na viwanja kati ya ofisi tatu za udalali

Msomaji mwenye ofisi ya udalali eneo la Sakina, jijini Arusha, ameuliza hivi kwa ufupi. Ofisi yake, nyingine iliyoko Njiro na ya tatu iliyoko Moshi zimekubaliana kutangaziana nyumba na viwanja, ili mteja anayefungua tovuti ya ofisi moja aone mali za ofisi zote tatu. Kwa sasa kijana wa ofisi ndiye anayenakili matangazo kutoka kundi la WhatsApp na kuyaandika upya kwenye kila tovuti. Mwezi uliopita nyumba ya Ilboru iliyokwisha kupangishwa ilibaki kwenye tovuti ya Moshi ikiwa na kodi ya zamani, na mteja aliyesafiri kutoka Dodoma kuja kuiona aliondoka akiwa amezikasirikia ofisi zote tatu. Msomaji anataka kujua tovuti zinaunganishwaje, kamisheni igawanywe vipi, na kama ni busara kuikubalia tovuti moja ya Nairobi ambayo nayo imeomba kupewa matangazo hayo.

Ndugu msomaji, jambo hilo linawezekana, na halihitaji mfumo wa gharama kubwa. Lakini naomba nianze na upande ambao mafundi wengi wa tovuti huuacha mwisho, yaani kuondoa tangazo. Kuliweka tangazo kwenye tovuti tatu hakuna shida, kwa sababu likiwa jipya kila mtu ana hamu nalo. Kuliondoa kwenye zote tatu siku ile ile nyumba inapopata mpangaji hakuna mwenye haraka nako, kwa kuwa aliyeipangisha amekwisha kulipwa na wale wengine hawana habari. Ndiyo maana kila pendekezo nitakalolitoa hapa nimelipima kwa swali moja: nyumba ikipata mpangaji saa nne asubuhi, tovuti ya Moshi itajuaje, na isipojulishwa itafanya nini yenyewe?

Msingi wa kwanza ni kwamba kila tangazo liwe na mlezi mmoja. Ofisi iliyokabidhiwa mali na mwenyewe ndiyo mlezi, na ni hiyo peke yake yenye ruhusa ya kubadilisha bei, maelezo, picha na hali ya tangazo. Ofisi nyingine zinabeba nakala, nazo haziruhusiwi kuigusa nakala hiyo hata kwa nia njema. Kijana wa Moshi akiona kosa kwenye tangazo lako, akupigie simu ulirekebishe kwako, na marekebisho yatamfikia yenyewe baada ya muda mfupi. Akirekebisha kwake, mtakuwa na nyumba moja yenye maelezo mawili, na mfumo hautajua lipi ndilo la kweli. Hapo ndipo WhatsApp inapowaangusha: ujumbe ukishapelekwa mbele mara mbili hauna tena mwenyewe, na anayeusoma hawezi kujua kama ulibadilishwa jana au mwaka jana.

Wazo la madalali kushirikiana si geni. Marekani walikuwa wakikutana ofisini mwao tangu mwishoni mwa karne ya 19 kubadilishana habari za nyumba walizokabidhiwa, kwa makubaliano kwamba atakayeleta mnunuzi atapata sehemu ya kamisheni. Chama chao cha kitaifa kilianzishwa Chicago mwaka 1908, ilhali muundo wa kielektroniki wa kupitishiana data hizo, uitwao RETS, ulikuja mwaka 1999. Mapatano yalizitangulia kompyuta kwa miaka mingi sana. Siku hizi shirika liitwalo RESO ndilo linalosimamia kamusi ya data na utaratibu wa API, yaani njia ya programu kuombana data moja kwa moja, uliochukua nafasi ya RETS. Uingereza walichukua njia nyingine, ambapo kila wakala hupeleka faili lake kwenye tovuti kubwa kama Rightmove, iliyoanzishwa mwaka 2000, na mnunuzi hutafuta huko. Hispania ofisi nyingi ndogo zimezoea kupitishiana faili la XML, yaani la maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome, la muundo wa Kyero, tovuti ya matangazo ya nyumba, na hali yao ndiyo inayofanana zaidi na yenu: ofisi chache zinazofahamiana, kila moja na tovuti yake.

Sikushauri muichukue kamusi ya RESO nzima nzima. Imetungwa kwa soko la Marekani, ina sehemu nyingi msizozihitaji, na haina habari ya barua ya toleo, ile ya kugawiwa kiwanja, wala kiwanja kilichopimwa kwa hatua za miguu. Azimeni humo mambo matatu tu, yaani namba ya kudumu ya kila tangazo, hali yake ya sasa, na muda wa mabadiliko ya mwisho. Yaliyobaki yaandikeni wenyewe kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo kijana wa ofisi atayaelewa bila kuuliza.

Kiufundi, kazi yenyewe ni hii. Kila tovuti itoe faili moja, la XML au la JSON, muundo mwingine wa aina hiyo, kwenye anwani inayofunguka kwa ufunguo wa siri tu, na tovuti zile mbili nyingine zilisome kila baada ya saa moja. Ofisi yenye matangazo sitini au mia haina haja ya utaratibu wa kupeleka mabadiliko peke yake. Itoe orodha nzima kila mara. Tovuti inayosoma italinganisha orodha hiyo na nakala ilizonazo: tangazo jipya itaongeza, lenye muda wa mabadiliko uliosogea itasasisha, na lisiloonekana tena itaondoa. Uzuri wa orodha nzima ni kwamba kutokuwepo kwa tangazo nako ni taarifa. Hata kijana wako akisahau kuandika kwamba nyumba imepangishwa na badala yake akalifuta tangazo, Moshi litatoweka pia.

Uzuri huo una hatari yake, na ni lazima fundi wenu aifikirie kabla haijatokea. Siku seva yako, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, itakapoyumba ikatoa faili tupu, tovuti za wenzako zitaelewa kwamba umeuza kila kitu, nazo zitafuta matangazo yako yote na picha zake. Kinga yake ni sharti dogo: faili lisipofunguka, likiwa na kasoro, au idadi ya matangazo ikishuka ghafla kwa zaidi ya nusu, tovuti inayosoma isifute chochote bali imtumie mtu ujumbe. Lakini isingoje milele. Faili likikosekana kwa saa 48, nakala zote za ofisi hiyo zifichwe mpaka lirudi, kwa sababu tangazo ambalo hakuna anayelithibitisha kwa siku mbili ndilo litakalomleta mteja mwingine kutoka Dodoma bure.

Kama tovuti zenu zimejengwa kwa programu ya WordPress, kama zilivyo nyingi za ofisi ndogo, kuna jambo ambalo huwasumbua watu kwa miezi bila kulijua. Ratiba ya ndani ya WordPress haiendi na saa. Huamka mtu anapotembelea tovuti. Tovuti ya Moshi isipopata mgeni kuanzia saa mbili usiku hadi saa moja asubuhi, kazi ya kila saa haitafanyika hata mara moja katika kipindi hicho, na mgeni wa kwanza wa asubuhi anaweza kuonyeshwa orodha ya jana kabla tovuti haijamaliza kujisasisha. Mwambieni fundi aizime ratiba hiyo na aweke ya seva yenyewe kupitia cPanel, ukurasa wa kusimamia seva, ratiba ambayo huenda kwa dakika bila kungoja mgeni. Ni kazi ya muda mfupi, na ndilo jambo la kwanza ninaloliangalia mtu anapolalamika kwamba tovuti haijisasishi.

Tangazo moja ndani ya faili linaweza kuonekana hivi, na mfano huu nimeutunga kwa ajili ya maelezo tu:

namba: SKN-0147
hali: wazi
aina: nyumba nzima, ya kupanga
halmashauri: Arusha (wilaya)
kata: Ilboru
kodi_kwa_mwezi: 650000
sarafu: TZS
malipo_ya_miezi: 6
vyumba_vya_kulala: 3
umeme: luku yake
maji: AUWSA (mamlaka ya maji Arusha)
latitudo: -3.35
longitudo: 36.69
ilibadilishwa: 2026-02-10T09:40:00+03:00
kikomo: 2026-03-12

Herufi tatu za mwanzo wa namba zinamtaja mlezi, ili namba za ofisi mbili zisigongane. Namba hiyo isitumike tena kamwe, hata nyumba ikiuzwa na miaka ikapita, kwa sababu huko kwa wenzako kunaweza kubaki kiungo au kumbukumbu ya mteja inayoielekea. Muda umeandikwa kwa mtindo wa kimataifa wa saa 24, na tofauti ya saa tatu mwishoni, maana ukiandika saa 3:40 peke yake, mmoja ataisoma kuwa asubuhi na mwingine alfajiri.

Hali ya tangazo iwe na maneno machache yaliyofungwa, ambayo kijana anachagua badala ya kuandika: wazi, imeshikwa, imepangishwa, imeuzwa, imesitishwa. Neno la pili ndilo lenye kazi zaidi. Mtu ametoa malipo ya awali, mkataba haujasainiwa, na mwenye nyumba anaweza kubadili mawazo. Hapo tangazo lisiondolewe, lionekane kwa alama kwamba limeshikwa, na simu zipokelewe kwa kueleza hivyo. Saa moja ya kuchelewa si tatizo kwa tovuti, lakini ni tatizo kwa mteja anayepanda gari. Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80, kwa hiyo kanuni ya ofisi iwe kwamba hakuna mteja anayepelekwa kuona mali ya mwenzako kabla hujampigia mlezi simu asubuhi ile ile. Hakuna programu itakayochukua nafasi ya simu hiyo.

Kikomo ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Kila tangazo lizaliwe na tarehe ya kufa: siku 30 kwa nyumba za kupanga, siku 90 kwa viwanja na nyumba za kuuza. Tarehe ikifika bila mlezi kuthibitisha, tangazo linajificha kwenye tovuti zote, hata kama ofisi zote zimesahau. Kuthibitisha kusiwe kubofya kitufe tu, bali kumpigia mwenye mali na kumuuliza kama bado ipo na bei ni ile ile. Kiwanja cha Olmoti, karibu na uwanja uliokusudiwa kwa mashindano ya AFCON 2027, mwenyewe anaweza kukipandishia bei wiki moja tu baada ya kusikia jirani ameuza, naye hatakutafuta wewe akujulishe.

Sasa tuje kwenye vipimo, ambako makosa ya data zetu ni ya aina yake. Mashamba na viwanja visivyopimwa bado vinauzwa kwa hatua, na wengi wanakubaliana kwamba ekari ni hatua 70 kwa 70. Ekari halisi ni mita za mraba 4,047. Kijana akiandika 70 kwa 70 kwenye sehemu ya mita, tovuti itazidisha na kutangaza mita za mraba 4,900, yaani zaidi ya mita za mraba 850 ambazo hazipo ardhini. Ofisi moja ikiandika hivi na nyingine ikiandika ekari moja, mteja anayelinganisha bei kwa mita atadhani kiwanja cha kwanza ni cha bei nafuu. Kwa hiyo wekeni sehemu mbili: kipimo kama alivyokitaja muuzaji pamoja na namna alivyokipata, kwa hatua, kwa utepe au kwa mpima, na eneo kwa mita za mraba, ambalo lijazwe tu pale kulipo na kipimo cha kuaminika. Sehemu tupu ni afadhali kuliko hesabu ya kubahatisha.

Mahali nako kuna mitego. Jina kama Njiro linatumika na madalali kwa eneo pana kuliko mipaka yake, na Kwa Mrombo ni jina ambalo kila dereva wa bodaboda analijua lakini halikusaidii ukifika ofisi ya ardhi. Ilboru watu huihesabu kuwa mjini, ilhali iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Arusha na si Jiji, jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulijua kabla ya kwenda kufuatilia hati. Andikeni vyote viwili, kata rasmi kwa kuchagua kwenye orodha, na jina la mtaani kwa maneno huru.

Kuhusu alama za ramani, Arusha iko karibu na nyuzi 3.37 kusini na 36.68 mashariki, na kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Alama hiyo ikidondoka wakati wa kunakili, nyumba yako inahamia kaskazini mwa Kenya, mashariki ya Ziwa Turkana. Namba zikibadilishana nafasi huku alama ikibaki, inaangukia baharini, kusini kidogo ya pwani ya Hispania. Makosa yote mawili hutokea mara kwa mara, na yote mawili yanazuilika kwa sharti moja kwenye programu, kwamba mali yoyote iliyo nje ya mstatili unaozunguka mikoa ya Arusha na Kilimanjaro ikataliwe mpaka mtu aitazame. Nyumba yenye watu ndani msiiweke kwa alama kamili. Tarakimu tatu baada ya nukta zinamfikisha mtu ndani ya mita mia moja hivi, tarakimu mbili ndani ya kilomita moja hivi, na kwa tangazo la hadhara mbili zinatosha.

Bei iandikwe kwa tarakimu tupu, bila koma, bila laki wala milioni, na malipo ya miezi mingapi yakae sehemu yake. Nyumba za Njiro na kwingineko zinazolenga watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na mashirika ya kimataifa zilizoea kutangazwa kwa dola. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotolewa Machi 2025 zimekataza kutangaza na kudai bei kwa fedha za kigeni hapa nchini, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa humo. Faili lenu likatae sarafu yoyote isiyo shilingi, kwa sababu tangazo la mwenzako likionekana kwenye tovuti yako kwa dola, anayelitangaza ni wewe.

Hali ya umiliki nayo isiachwe kwa maneno huru. Maneno "ina hati" yamebeba mambo mengi mno: hati miliki, hati ya kimila ya ardhi ya kijiji, leseni ya makazi, barua ya toleo, na wakati mwingine karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Kwa mnunuzi, na zaidi kwa benki atakayoiendea, hizi haziko sawa hata kidogo. Wekeni orodha ya kuchagua yenye kila moja kwa jina lake, na sehemu nyingine inayosema nani katika ofisi ya mlezi ameiona nyaraka hiyo kwa macho na lini.

Kwa kiwanja kilichopimwa, namba ya kiwanja na ya kitalu ndiyo njia bora ya kutambua kwamba ofisi mbili zinatangaza mali moja, nanyi mtalihitaji hilo, kwa kuwa mwenye mali wa kwetu huwapa madalali wanne au watano kwa wakati mmoja bila kuona haya. Namba hiyo ipite kati ya seva zenu tu, isitokee kwenye ukurasa, maana matapeli wanaotengeneza karatasi za mauziano huanza kwa kutafuta maelezo ya namna hiyo. Kwa nyumba za kupanga, mfumo uangalie mali zilizo karibu sana, zenye vyumba sawa na kodi inayokaribiana, kisha umwonyeshe mtu aamue. Usiruhusu programu iunganishe matangazo yenyewe. Nyumba mbili pacha kwenye kiwanja kimoja ni jambo la kawaida sana Arusha.

Picha zinahitaji uamuzi mmoja. Tovuti ya mwenzako inaweza kuzionyesha moja kwa moja kutoka seva yako, au inaweza kuchukua nakala. Napendelea nakala, kwa sababu seva ya ofisi ndogo huelemewa haraka, lakini nakala hizo zifutwe pamoja na tangazo lake. Nembo ndogo ya mlezi kwenye kona ya picha inavumilika; namba ya simu juu ya picha mkubaliane kuipiga marufuku, la sivyo ushirikiano wenu utageuka mashindano ya nani ameandika namba kubwa zaidi. Picha ya simu janja mara nyingi hubeba ndani yake mahali ilipopigwa. WhatsApp huondoa taarifa hiyo picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, lakini picha inayopandishwa moja kwa moja kutoka kwenye simu hubaki nayo, kwa hiyo tovuti iisafishe kabla ya kuihifadhi. Na kama picha zimepigwa na mpiga picha wa kukodi, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda kazi zake. Mkataba wako naye useme wazi kwamba washirika wako wanaruhusiwa kuzitumia.

Jina na simu ya mwenye nyumba visiingie kwenye faili kabisa, hata sehemu ya siri. Mshirika akitaka kumfikia, apitie kwa mlezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inamhusu pia mteja: Moshi wakikuletea jina na namba ya mtu anayetafuta nyumba Arusha, awe ameelezwa kwamba taarifa zake zitafika kwako. Muulizeni wakili wenu kuhusu kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa kuwa ofisi inayokusanya taarifa za watu inahusika. Kwa mwenye mali, ongezeni kwenye karatasi ya makabidhiano sentensi inayosema anaruhusu mali yake itangazwe na ofisi washirika zilizotajwa kwa majina. Wapo wanaokataa, hasa wenye nyumba ambao wapangaji wao bado hawajaambiwa wahame, na kwa hao tangazo liwekewe alama ya kutotoka nje ya tovuti yako.

Kuhusu kamisheni, gawaneni mnavyopatana. Mimi ningeanza na nusu kwa nusu kati ya mlezi na aliyeleta mteja, kwa sababu mgawanyo usiohitaji maelezo hauzai ugomvi. Ugomvi huzaliwa kwenye swali la nani amemleta mteja. Mteja huyo huyo huiona nyumba kwenye tovuti ya Moshi, akapiga simu Njiro, kisha akakutana na kijana wako barabarani. Andikisheni kila mteja siku ya kwanza, kwa namba ya simu, tarehe na namba ya tangazo, kwenye daftari moja la mtandaoni ambalo ofisi zote zinaliona na hakuna inayoweza kufuta kilichoandikwa, na haki ya aliyetangulia idumu siku 30. Mgawanyo wenyewe ukae kwenye mkataba, usiwe ndani ya faili la matangazo. Marekani, baada ya mashauri marefu mahakamani, tangu Agosti 2024 ofa za kamisheni kwa wakala wa mnunuzi haziruhusiwi tena kuwekwa kwenye daftari la pamoja la madalali. Kitu kingine cha kuepuka ni kupatana kiwango kimoja cha kumtoza mwenye nyumba. Kugawana kamisheni ya kazi mliyoifanya pamoja ni biashara. Ofisi tatu zinazoshindana kukubaliana kwamba hakuna atakayetoza chini ya kiasi fulani ni jambo linalokatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Fundi wako huenda atakuuliza kuhusu Google, kwa kuwa maelezo yale yale yatakuwa kwenye tovuti tatu. Njia ya amani ni kuziwekea nakala alama inayowaambia watafutaji wasiziorodheshe, ili ukurasa wa mlezi ndio utakaotokea. Wageni wa tovuti bado wataziona nakala kama kawaida. Mshirika asiyetaka hivyo na aandike maelezo yake mwenyewe juu ya tangazo, lakini bei, vipimo na hali asiviguse.

Anzeni na matangazo kumi, yenu na ya Njiro tu, na katika majaribio hayo kazi kubwa iwe kuyafuta, kuyashika, kuzima seva moja kwa makusudi na kuona kinachotokea. Moshi waunganishwe mkishaona kwamba tangazo lililofutwa Sakina linatoweka Njiro bila mtu kupiga simu.

Imebaki tovuti ya Nairobi. Faili lenu kamili msiwape. Mtu asiye raia hamilikishwi ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji kwa utaratibu uliowekwa na sheria, kwa hiyo viwanja vyenu mbele ya wasomaji wao vitawaletea simu nyingi na mauzo haba, pamoja na watu watakaotafuta raia wa kuwashikia kiwanja kwa jina lake. Isitoshe, amri iliyotolewa Julai 2025 kuhusu biashara ambazo wasio raia hawaruhusiwi kuzifanya nchini imeutaja pia udalali wa biashara na wa nyumba, na hivyo mkataba wa kugawana nao kamisheni unahitaji wakili kabla ya fundi wa tovuti. Kama bado unaona kuna wateja huko, hasa Wakenya wanaohamia Arusha kikazi, watengenezee faili la pili lenye nyumba za kupanga pekee, kila moja kwa kichwa cha habari, kata, kodi kwa shilingi, picha moja na kiungo cha kurudi kwenye ukurasa wa mlezi. Faili hilo liwe na ufunguo wake tofauti, ili siku mtakapokosana nao uufunge bila kuzigusa Njiro na Moshi.